Nyumba Isiyoezekwa: Hotuba kwa Wakazi wa Rumonge Juu ya Mafundi, Rubuni na Maandishi

Nawashukuru hasa mafundi, kwa kuwa habari ya leo yawahusu, na mngaliweza kukaa mbali.

Twazungumza juu ya nyumba ambazo hazikuisha. Kuta zimesimama, milango haipo, mabati hayajaonekana, na aliyepokea fedha simu yake haipatikani. Malalamiko ya namna hii huletwa polisi kana kwamba ni wizi wa kawaida, na mlalamikaji hutuuliza jambo moja: kwa nini hamumkamati? Nataka kulijibu swali hilo bila kuzunguka, ingawa jibu lake huwaudhi wengi.

Polisi hawamfungi mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Burundi ilijiunga nao mwaka 1990, wasema katika ibara ya 11 kwamba mtu hatafungwa kwa sababu tu hana uwezo wa kutekeleza wajibu wa mapatano. Kinachoadhibiwa na Kanuni ya Adhabu ya tarehe 29 Desemba 2017 ni hila, yaani utapeli, na pia kuitumia amana ya mwenzako kinyume na ulivyokabidhiwa. Fundi akijitambulisha kwa jina la uongo, au akikuonyesha nyumba iliyojengwa na mwingine akadai ni kazi ya mikono yake, kisha akachukua fedha akatoweka, hiyo ni hila. Ukimkabidhi mabati yako akayauza, amevunja amana. Lakini akichimba msingi, akainua kuta hadi kwenye lenta, kisha fedha zikamwishia, hilo ni deni, na deni hupelekwa kwa wazee na mahakamani. Askari anayemweka ndani mdaiwa ili kumtisha alipe, yeye ndiye anayevunja sheria.

Sasa, wengi wa mafundi wanaolalamikiwa si wezi. Tazameni jinsi mambo yanavyokwenda. Fundi hupokea rubuni, ambayo sisi twaiita avansi, kwa ajili ya nyumba ya kwanza. Kabla hajanunua saruji, bei yapanda, au mafuta yaadimika na lori lachelewa njiani kutoka Bujumbura. Fedha alizopewa hazitoshi tena. Badala ya kumrudia mwenye nyumba akamweleza, akubali nyumba ya pili, apokee avansi yake, aitumie kuimalizia ya kwanza. Nyumba ya pili yangoja avansi ya nyumba ya tatu. Huko ni kuziba tundu kwa kutoboa jingine. Siku asipopata mteja mpya, watu watatu wamtafuta kwa pamoja, na hapo ndipo simu inapozimwa.

Upande wa pili yupo mwenye nyumba, naye ana haraka yake. Katika mwambao huu fedha haziji kila mwezi kama mshahara. Wavuvi wa ndagala huvua kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, taa haziwavuti samaki na mitumbwi hupumzika. Mwenye michikichi naye hungoja msimu wa mawese. Basi fedha zikija huja kwa mkupuo, na mwenye nazo ajua kwamba zikilala nyumbani zitaliwa na harusi, matibabu na jamaa wenye shida za kweli. Kwa hiyo humpa fundi zote, akiona heri zikae kwake kuliko mfukoni. Amemgeuza fundi kuwa benki, na fundi hana hata sanduku la kuzitunzia.

Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2021, na tena mwaka 2024, haraka hiyo iliongezeka. Kaya nyingi za kandokando ya ziwa ziliachwa na kuta zilizolowa, zikalazimika kujenga upya juu kidogo ya zilipokuwa. Anayelala kwa ndugu yake pamoja na watoto sita hana subira ya kumhoji fundi. Nalielewa hilo. Hata hivyo, ni mtu huyo huyo asiye na fedha za kupoteza mara ya pili.

Ushauri wangu wa kwanza kwa mwenye fedha za mkupuo ni huu: zigeuze ziwe vifaa, wala usizigeuze kuwa avansi. Matofali ya kuchoma yaweza kukaa uani mwaka mzima, na mabati yaweza kulala ndani ya nyumba ya mzazi wako. Saruji peke yake ndiyo isiyovumilia unyevu wa ziwa, huganda ikiwa bado mfukoni. Hiyo inunuliwe mwisho, mafundi wakiwa tayari kazini. Nunua mwenyewe, au mtume fundi pamoja na mtu wako, na stakabadhi iandikwe jina lako. Fundi mwaminifu hachukii utaratibu huo, kwa sababu humwondolea lawama ya bei.

Ushauri wa pili ni karatasi. Najua wapo wanaoona haya kumwandikisha jirani, wakidhani ni kumtilia shaka. Waislamu miongoni mwetu wajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika sura ya Al-Baqara, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Wakristo nao wamesikia katika Injili ya Luka habari ya mtu akaaye kwanza kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Hapana dini hapa iliyofundisha kujenga kwa maneno matupu.

Karatasi hiyo haihitaji mwanasheria. Yatosha iwe na majina kamili na nambari za vitambulisho, vipimo vya nyumba, aina ya mbao za milango, nani ananunua nini, na ujira wote ni faranga ngapi. Ujira ugawanywe kwa hatua: msingi, kuta, paa, lipu. Kila hatua ilipwe baada ya kukaguliwa, na sehemu ya mwisho ibaki mkononi mwako mpaka ukabidhiwe funguo. Nyuma ya karatasi kila malipo yaandikwe tarehe na kutiwa saini na wote wawili. Asiyejua kuandika atie dole gumba mbele ya shahidi. Ongezeni sentensi moja ambayo wengi huisahau: bei ya vifaa ikipanda, fundi atamjulisha mwenye nyumba ndani ya siku ngapi, na kazi itasimama au itaendelea. Sentensi hiyo ingalizima nusu ya ugomvi unaoletwa kwetu.

Wapo watakaouliza kama karatasi ya daftari la shule ina nguvu. Sheria ya mapatano tunayoifuata yatokana na amri ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotungwa kwa ajili ya Kongo ya Mfalme Leopold, na baadaye Wabelgiji wakaileta huku. Ibara yake ya 33 yasema kwamba mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliopatana. Ng'ambo ya ziwa, Baraka na Uvira, ibara hiyo hiyo ndiyo ifuatwayo. Kwa hiyo fundi aliyetoka huko haoni jambo geni anapotakiwa kutia saini.

Hapa nafika kwenye jambo la mpaka. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Kongo imejiunga mwaka 2022. Mafundi huvuka, nasi twawahitaji. Lakini polisi wa Rumonge hawawezi kumfuata mtu Kigoma au Fizi wakamrudisha kwa boti. Ombi hupitia ofisi za taifa na ushirikiano wa Interpol, nalo huchukua muda, tena ni kwa makosa ya jinai tu, si kwa deni. Basi uliza mapema: anakaa kwa nani, nani amdhamini, kazi yake ya mwisho i wapi. Nenda ukaione kazi hiyo na uzungumze na mwenyewe. Tazama kitambulisho chake, ambacho kwa Wakongomani wengi ni kadi ya mpiga kura, unakili nambari, kisha umrudishie. Usikishike kama rehani, maana asiye na kitambulisho hukwama kila kizuizini.

Lipo jambo linalonitia hofu kuliko fedha zilizopotea. Fundi akichelewa, watu humfungia chumbani, humnyang'anya mwiko na timazi, au humshika mdogo wake mpaka yeye ajitokeze. Hayo yote ni makosa ya jinai, na aliyekuwa na haki asubuhi tunamkamata jioni. Tena husikii ikisemwa kwamba fulani ametoroka. Wasema Wakongomani ndivyo walivyo, au watu wa Kigoma ndivyo walivyo. Katika mji huu wapo wengi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 na miaka ya 1990, wakapokewa na watu hao hao wa Kigoma, na wengine walijifunzia ufundi huko. Kosa la mwashi mmoja liandikwe kwa jina lake mwenyewe.

Wenye nyumba nao wana yao. Yupo anayepatana vyumba vitatu, kuta zikifika kifuani akataka cha nne kwa bei ile ile. Yupo anayehamia ndani, akapika, akalala, kisha akasema sehemu ya mwisho ya ujira hailipi kwa kuwa dirisha moja limepinda. Fundi aliyedhulumiwa ana njia zile zile: aanze kwa wazee, wakishindwa aende mahakama ya mwanzo, na karatasi yake mkononi.

Sasa nawaachia nafasi ya maswali, na naomba fundi awe wa kwanza. Sijagusa ujira wa siku ambazo mvua inazuia kazi, na katika hilo wao wanajua zaidi kuliko mimi.