EKSELI IKICHOMOKA



Leo twasema juu ya jambo litupatalo mara nyingi gereji. Motokaa ikiwa yavutwa kwa magurudumu ya mbele, tukifungua bol-jointi ili kubadili springi au shokomzoba, habu huangukia nje na kuivuta ekseli ikachomoka. Basi kwanza tuifunge habu kwa waya.

Ikichomoka katika giaboksi, tusiitwange kwa nyundo. Tusafishe meno yake, tutazame sili ya oili, kisha tuisukume ikiwa imenyooka mpaka pete yake ndogo ya chuma ishike. Tuvute jointi ya ndani kwa mkono. Ikikataa kutoka, imeshika. Oili iliyomwagika irudishwe kwa kipimo. Lakini ikiwa jointi imeachana ndani ya raba yake, tufungue raba, tutie grisi safi, turudishe rola mahali pake, tufunge.

Tajiri akituhimiza, tumjibu kwa adabu kwamba hatuingii chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Iwekwe stendi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri atulinde.

Tena, oili iliyomwagika kwa bahati mbaya si deni letu. Sheria ya Ajira ya 2007 yaruhusu kukata mshahara kwa hasara tuliyoifanya kwa makusudi, nayo kwa kiasi cha haki. Mwanachama akikatwa, asinung'unike peke yake: alete karatasi ya mshahara kwa mwakilishi wa chama.