Ndama na Minyoo

(Hotuba iliyosemwa barazani mbele ya wazee, waalimu na wenye ng'ombe)

Tumeombwa tuseme machache juu ya ndama na minyoo, nasi twasema tukiwa wenye ng'ombe kama ninyi, wala si waganga wa mifugo.

Mwaka mmoja, baada ya masika, tulikuwa na ndama jike wa miezi minane, aliyeachishwa ziwa karibuni. Majani yalikuwa tele, lakini yeye akakonda. Nywele zake zikasimama, akawa mvivu wa kula, kisha akavimba chini ya taya kana kwamba amefungiwa kifuko cha maji. Wengine nyumbani wakasema ni jicho la watu, nasi hatukuwakataza kusema hivyo. Ndama akafa. Tulipompasua tukaona katika tumbo lake la nne minyoo wembamba, urefu wao sentimita 2 au 3, wekundu na weupe kama kamba iliyosokotwa. Nyama yake ilikuwa imepauka kwa kukosa damu. Na mamaye, aliyekula majani yale yale, alikuwa amenawiri!

Jambo hilo ndilo lililotufanya tuulize. Minyoo hao, ambao wataalamu huwaita Haemonchus, hunywa damu. Mayai yao hutoka pamoja na mavi, huanguliwa, na palipo joto na unyevu watoto wao huwa tayari kwa muda wa juma moja au zaidi kidogo. Hupanda majani yenye umande, ng'ombe huyala, na baada ya majuma matatu au manne wamekwisha kuwa wakubwa, nao hutaga. Basi mama na mwana wote wawili huwameza. Tofauti ni kwamba mwili wa mama umekwisha kujifunza, na mwili wa ndama bado. Dang'a humkinga ndama na maradhi mengi, lakini kwa minyoo wa malishoni haimfai sana. Yampasa ajifunze mwenyewe.

Hujifunzaje? Kwanza hupoteza hamu ya kula, na hasara kubwa ya ukuaji hutoka hapo, hata kuliko katika kuharisha. Damu na nguvu ya chakula huvuja tumboni, ndiyo maana maji hukusanyika chini ya taya. Lakini wakati huo huo mwili unawatambua adui. Askari waliomo katika damu hukusanyika katika ukuta wa tumbo na matumbo, ute huzidi, na minyoo wanaoingia baadaye hawapati pa kukaa. Wanaokaa hudumaa, majike hutaga mayai machache, na mwisho wengi hufukuzwa. Kazi hiyo huchukua miezi mingi. Minyoo wadogo wa utumbo mwembamba waitwao Cooperia, ndama huwashinda mapema, mara nyingi kabla ya kutimiza miaka miwili. Wengine huwachelewa zaidi. Tena kazi hiyo hula chakula: ndama mwenye njaa hajifunzi vema. Kwa hiyo majani ya mikunde tunayompa jioni ni silaha, ijapokuwa wengine hutucheka kwa kumlisha ndama kama mgeni.

Kuna na minyoo wakubwa weupe, Toxocara, ambao njia yao ni nyingine. Hao humfikia ndama katika maziwa ya mamaye, tangu siku zake za kwanza. Akiokoka, mwili wake huwafukuza afikapo miezi minne hata sita. Lakini wengi hudhoofika kabla ya hapo, na dawa yao hutolewa mapema, yaani ndama akiwa na majuma mawili au matatu.

Sasa juu ya dawa tutasema kwa ukali kidogo. Ivermectin imeuzwa tangu mwaka 1981, nayo imeokoa ng'ombe wengi. Lakini mtu akigawa kipimo cha ndama mmoja kwa wawili ili apunguze gharama, huwaua minyoo dhaifu na kuwaacha wenye nguvu wazaane. Katika nchi nyingi Cooperia sasa hawafi kwa dawa hiyo. Kadhalika yuko jirani yetu aliyewanywesha ndama wake kila mwezi mwaka mzima. Alipoacha, masika yaliyofuata waliugua kama wachanga, kwa kuwa miili yao haikupata kukutana na adui. Mtoto asiyeachwa kuingia mtoni hata kidogo hajui kuogelea, ingawa hatusemi atupwe kilindini.

Yafaa ndama wasilishwe kila siku penye tope karibu na zizi, walikolala ndama wa mwaka jana. Wapewe malisho mapya kwanza, na ng'ombe wazima wafuate nyuma yao, kwa maana hao humeza minyoo wengi bila kudhurika.

Na mwenye ndama aliyevimba taya asikimbilie dukani. Uvimbe huo waweza kutoka kwa minyoo wa ini pia, na dawa zao si moja. Achukue mavi mabichi ya siku ile ile, ayafunge vizuri, ayapeleke kwa mganga wa mifugo yakaangaliwe mayai, na amwambie uzito wa ndama kwa kumpima kwa kamba kifuani, si kwa kukisia.