Hedifoni Aliyoiunda Mtoto: Tupime Sauti Kabla ya Kuivaa

Leo tunazungumza juu ya masikio ya watoto wetu, na hasa juu ya hedifoni, yaani zile spika ndogo za kuvaa masikioni, zinazoundwa au kuungwaungwa nyumbani.

Watoto wetu ni mafundi. Mtoto huokota spika ya redio mbovu, akakata katoni, akabandika sponji ya godoro kuukuu, akaunga waya uliotoka kwenye iafoni iliyoharibika, na kabla ya jua kutua ana hedifoni yake. Tangu mtaala wa CBC ulipoanza kufundishwa nchini kote katika madarasa ya chini mwaka 2019, watoto wanahimizwa kuunda vitu kwa vifaa vinavyopatikana nyumbani. Nazo shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, watoto wengi walifuata masomo kwa redio na simu. Katika nyumba ya chumba kimoja, hedifoni humwezesha mwanafunzi kusikiliza somo lake huku mdogo wake amelala. Kwa hiyo, mama, sikuambii uivunje. Nakuomba jambo moja tu: ipime sauti yake kabla mtoto hajaizoea.

Kwa nini tujisumbue kupima? Ndani kabisa ya sikio kuna sehemu iliyojiviringa kama kombe la konokono. Humo mna chembe ndogo sana zenye vinywele, kama 15,000 hivi katika kila sikio. Sauti inapoingia, vinywele hivyo hutikisika kama nyasi kwenye upepo, na ujumbe hupelekwa kwenye ubongo. Upepo wa kawaida huinamisha nyasi, kisha zikainuka tena. Upepo mkali ukivuma kila siku, nyasi huharibika. Tofauti ni kwamba nyasi huota tena mvua ikinyesha, lakini chembe za sikio la binadamu zikifa, hazioti tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha.

Jambo baya zaidi ni kwamba uharibifu huu hauumi. Mtoto halii wala hapati homa. Huanza kupotewa na sauti nyembamba, kama vile herufi "s", "f" na "t" katika maneno. Darasani anasikia kwamba mwalimu anasema, lakini hashiki anachosema. Ndipo anaitwa mvivu au mkaidi.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilieleza kwamba vijana zaidi ya bilioni moja duniani wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti ya juu mno. Shirika hilo pia linaeleza kwamba kwa watoto, karibu visa 60 katika kila visa 100 vya kupoteza usikivu vina sababu zinazoweza kuzuiwa. Kuzuia huko huanzia nyumbani.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Watu wawili wakizungumza kwa kawaida, wakiwa karibu, ni kama desibeli 60. Sasa sikiliza vizuri hapa. Desibeli hazihesabiwi kama kilo za unga. Ukiongeza desibeli 3 tu, nguvu ya sauti inayoingia sikioni huwa maradufu. Ukiongeza 10, nguvu hiyo huwa mara kumi.

Kwa mtoto, Shirika la Afya Duniani linapendekeza sauti isiyozidi desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda hupungua nusu. Kwa desibeli 78 ni saa 20. Kwa 81 ni saa 10. Kwa 84 ni saa 5. Kwa 87 ni saa mbili na nusu. Kwa 90 ni saa moja na robo tu, tena kwa wiki nzima, wala si kwa siku.

Linganisha na kazini. Kanuni za Kenya za kelele mahali pa kazi, za mwaka 2005, zinasema mfanyakazi asikae katika kelele ya zaidi ya desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Hiyo ni kwa mtu mzima, na mwajiri wake anatakiwa kumlinda. Lakini hedifoni ya mtoto haina mkaguzi ila wewe mlezi.

Pengine utauliza: hedifoni ya kuundwa ina hatari gani zaidi ya ile ya dukani? Kuna mambo matatu.

La kwanza, alama za sauti kwenye simu haziaminiki tena. Alama ya nusu kwenye simu ikitoa sauti ya kadiri katika iafoni ya dukani, yaweza kutoa sauti kali au hafifu katika spika iliyotolewa kwenye redio. Hata lile onyo ambalo simu nyingine hutoa sauti inapozidi halijui ni spika gani imeunganishwa.

La pili ni nafasi zilizo wazi. Katoni na sponji hazifuniki sikio sawasawa. Sauti nzito hutoka nje na kelele za nje huingia. Mtoto akiwa kwenye matatu ya kwenda Taveta, au karibu na stendi ya Voi, ataongeza sauti ili ashinde kelele. Akifika nyumbani, anasahau kuipunguza.

La tatu ndilo hatari kuliko yote: kuunganisha hedifoni mahali pasipofaa. Watoto wengine huchukua waya za spika kubwa za redio au amplifaya inayotumia betri ya sola, wakaziunga moja kwa moja kwenye hedifoni. Hapo nguvu iliyokusudiwa kujaza ukumbi inaingia kwenye sikio moja. Hedifoni ichomekwe tu kwenye tundu la hedifoni, na isivaliwe wakati simu iko kwenye chaji.

Sasa tupime. Unahitaji simu mbili, moja ya kucheza wimbo na nyingine ya kupimia. Kama huna simu ya pili, mwombe jirani, au mpime pamoja siku ya chama. Kwenye simu ya kupimia, weka programu ya kupima sauti. Ziko za bure. Ikikuuliza aina ya kipimo, chagua dBA.

Kwanza, ijaribu simu yenyewe. Ukiwa chumbani pasipo kelele, mwambie mtu azungumze kwa sauti ya kawaida akiwa hatua moja kutoka kwa simu. Ikionyesha karibu 60, endelea. Ikionyesha 80 au 40, simu hiyo inadanganya. Tafuta nyingine.

Pili, mwache mtoto apandishe sauti mwenyewe, akiwa mahali anaposikilizia siku zote, hata kama ni barabarani. Usimwambie kwamba utampima, maana ataipunguza. Kisha chukua hedifoni na simu yake bila kugusa sauti, uingie ndani penye kimya. Usiku, redio ya jirani ikizimwa, ni wakati mzuri.

Tatu, kata kipande cha katoni kama kiganja chako. Toboa katikati tundu dogo kama punje ya mbaazi. Upande mmoja weka tundu la maikrofoni ya simu ya kupimia, ambalo kwa kawaida liko chini karibu na mahali pa kuchomeka chaji. Upande wa pili weka spika ya hedifoni, uibane taratibu ili pasiwe na nafasi wazi.

Nne, cheza wimbo anaoupenda kwa dakika moja. Usiangalie ile namba kubwa inayoruka na kushuka. Andika namba ambayo inakaa zaidi. Kisha pima upande wa pili wa hedifoni, kwa sababu katika vitu vya kuundwa upande mmoja waweza kuwa na sauti kubwa kuliko mwingine.

Namba hiyo inasemaje? Hapa pana jambo ambalo naomba usilisahau. Simu haina sikio. Sikio la mtu lina njia nyembamba ambayo huzikuza baadhi ya sauti kabla hazijafika ndani, na katoni yetu haifanyi hivyo. Kwa hiyo kipimo chetu mara nyingi huonyesha pungufu. Ukipata namba kubwa, iamini: 80 na kuendelea, punguza sauti leo hii. Lakini ukipata namba ndogo, usiichukue kama ruhusa ya kusikiliza kutwa nzima. Kipimo hiki kinafaa kukuonya na kulinganisha. Hakitoi cheti cha usalama.

Na yule asiyekuwa na simu ya aina hiyo? Tumia sauti yako. Kwanza mvalishe mtoto hedifoni ikiwa imezimwa, usimame umbali wa mkono, useme naye kwa sauti ya kawaida. Akikusikia, washa wimbo kwa sauti anayoipenda, useme tena pasipo yeye kukutazama mdomo. Asipokusikia sasa, sauti imezidi. Wengine husema ukisikia muziki wa mtoto kutoka kando, umezidi. Kwa hedifoni ya katoni hiyo haitoshi, maana inavujisha sauti hata ikiwa chini.

Ukikuta sauti imezidi, usianze kwa kugombana. Punguza sauti, upime tena, na ukipata mahali panapofaa mwambieni mtoto mwenyewe atie alama ya kalamu kwenye redio, au akumbuke idadi ya vijisehemu kwenye simu. Zibeni nafasi zilizo wazi kwa sponji safi, ili asilazimike kushindana na kelele. Fundi wa redio anaweza kuunga rezista ndogo kwenye waya ili kupunguza nguvu. Baada ya kila badiliko, pimeni upya. Kila nusu saa, masikio yapumzike. Kwenye matatu, hedifoni ikae mfukoni.

Hakikisheni pia hakuna waya au bati lenye ncha karibu na sikio, na sumaku ndogo za spika zisiachwe mahali ambapo mtoto mdogo anaweza kuzimeza. Mtoto mchanga asivalishwe hedifoni hata kidogo.

Mpeleke mtoto kwenye kituo cha afya kilicho karibu ukiona dalili hizi: anasema "ati?" kila mara, anapandisha sauti ya runinga kuliko wengine, anasikia mlio au mvumo masikioni, anatazama sana midomo ya watu, au masomo yake yameshuka ghafla. Sikio likitoa usaha au likiuma, usitie mafuta wala maji ya majani. Waeleze wahudumu kuhusu hedifoni, na uulize kama anahitaji kutumwa hospitali kubwa, kama ile ya Moi hapa Voi, ili aelekezwe kwa kipimo cha masikio. Kama shida iko katika masomo, uliza katika ofisi ya elimu kuhusu kituo cha EARC, ambacho hukagua watoto na kushauri wazazi.

Kwa kumalizia, tukumbuke haya:

1. Chembe za sikio zikifa hazirudi.
2. Alama ya sauti kwenye simu haitoshi kwa hedifoni ya kuundwa. Ipime.
3. Namba kubwa iaminiwe. Namba ndogo si ruhusa.
4. Hedifoni isiungwe kwenye waya za spika kubwa au amplifaya.
5. Punguza sauti, punguza muda, pumzisha masikio.

Maswali ya kujadili katika chama: Ni watoto wangapi nyumbani kwetu wanaovaa hedifoni, na kwa saa ngapi kwa siku? Nani kati yetu ana simu tunayoweza kupimia pamoja? Na je, tunamwona mtoto asiyesikia vizuri kuwa mgonjwa, au tunamchapa kwa kutojibu akiitwa?

Mama, mtoto aliyeunda hedifoni kwa katoni ana akili ya ufundi. Mpe na kazi ya kuipima. Atajifunza, na masikio yake yatabaki naye.