KOMPYUTA YAHISABU SIKU, MTU NDIYE AJIBUYE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wafanya kazi na wenye maduka)



Napenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo limekwisha enea katika nchi za viwanda, na ambalo halitachelewa kutufikia na sisi. Kampuni kubwa inapotaka kuwapunguza wafanya kazi wengi kwa mkupuo mmoja, siku hizi huikabidhi kompyuta kazi ya kuhisabu siku za ilani, kuandika barua, kukadiria malipo na kutunza orodha ya majina, ili isije ikaivunja sheria. Suala langu kwenu ni moja tu: je, mtambo huu ni ngao ya mfanya kazi, au ni pazia la mwajiri?

Sisi wenye maduka tuna msemo wetu, mali bila ya daftari hupotea bila ya khabari. Kwa hivyo mimi si mtu wa kuidharau hisabu, wala sikuja hapa kuilaani kompyuta. Haki nyingi za wanyonge zimepotea kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeandika tarehe. Kwa hakika kuna mambo ambayo mtambo huyafanya vizuri kuliko karani aliyechoka, na ni uadilifu kuyataja kwanza.

Tutazame Marekani. Sheria yao ya 1988 yamtaka mwajiri mwenye wafanya kazi 100 au zaidi atoe ilani ya maandishi siku 60 kabla ya kufunga mahali pa kazi na kuwakosesha kazi watu 50 au zaidi. Mwenye hila atasema: nitawatoa 30 mwezi huu na 30 mwezi ujao, ili nisifikie kikomo. Lakini sheria imekwisha iona hila hiyo, nayo huyajumlisha makundi madogo madogo yaliyotolewa ndani ya siku 90, isipokuwa mwajiri athibitishe kuwa kila kundi lilikuwa na sababu yake mbali. Karani aweza kusahau kujumlisha. Programu iliyotengenezwa vyema haisahau.

Kadhalika sheria yao nyengine ya 1990 humlinda mfanya kazi aliyefika umri wa miaka 40. Akipunguzwa pamoja na wenzake, kisha akatakiwa atie sahihi ya kuacha madai yake ya kubaguliwa kwa umri, ni lazima apewe siku 45 za kufikiri na siku 7 za kubadili nia baada ya kutia sahihi. Tena apewe orodha ya vyeo na umri wa waliochaguliwa na wasiochaguliwa, ili aone kwa macho yake kama panga limewaangukia wazee peke yao. Kuitayarisha orodha kama hiyo kwa maelfu ya watu ni kazi ya kompyuta khasa.

Hayo ndiyo manufaa yake. Sasa natutazame mipaka yake.

Tarehe 17 Machi 2022, kampuni ya meli ya P&O Ferries ya Uingereza iliwaachisha kazi mabaharia 786. Khabari waliipata kwa video iliyokwisha rikodiwa, bila ya mtu wa kumwuliza swali. Sheria ya Uingereza ya 1992 yasema kwamba mwajiri anayekusudia kupunguza watu 100 au zaidi mahali pamoja katika muda wa siku 90, ni lazima ashauriane na wawakilishi wao, na mashauriano hayo yaanze si chini ya siku 45 kabla ya kuachishwa mtu wa mwanzo. Tarehe 24 ya mwezi ule ule, mkuu wa kampuni, Bwana Peter Hebblethwaite, aliwaambia Wabunge waziwazi kwamba hapana shaka walilazimika kushauriana na vyama vya wafanya kazi, na kwamba walikhiari kutofanya hivyo. Badala yake waliwalipa watu fidia. Mabaharia wapya walioletwa, kwa maneno yake mwenyewe, wastani wa ujira wao ulikuwa pauni 5.50 kwa saa. Na ilipofika Agosti 2022, idara ya serikali iliyopeleleza jambo hilo ikatangaza kwamba haitafungua kesi ya jinai.

Ndugu zangu, mtoto wa chuoni aweza kuhisabu siku 45. Kilichokosekana pale hakikuwa hisabu, ilikuwa ni nia. Mashauriano maana yake ni mtu kukaa mbele ya mtu, akauliza, akajibiwa, na jibu lake likaweza kuibadili hukumu. Kompyuta yaweza kuandika kwamba mkutano ulifanyika saa nne asubuhi, lakini haiwezi kujua kama mwajiri alisikiliza.

Kuna na mfano wa mahakama. Tarehe 4 Aprili 2023, Mahakama ya Rufaa ya Amsterdam, Uholanzi, ilihukumu katika madai ya madereva wa Uber waliofungiwa hisabu zao za kazi kwa tuhuma za udanganyifu. Hao hawakuwa kundi kubwa, lakini hoja yao yatuhusu sote. Sheria ya Ulaya ya kulinda khabari za watu, iliyoanza kutumika mwaka 2018, humpa mtu haki ya kutohukumiwa na mtambo peke yake katika jambo zito. Kampuni ilidai kuwa watu walitazama kesi zile. Mahakama haikuridhika, iliona kwamba mkono wa mtu pale ulikuwa wa kutimiza desturi tu. Basi kumweka karani abonyeze kitufe mwisho wa kazi hakuigeuzi hukumu ya mtambo ikawa ya binaadamu.

Sasa turudi kwetu, kwani hapa ndipo penye khatari ya karibu. Sheria ya kazi ya Tanzania Bara ya 2004 yamtaka mwajiri atoe ilani tangu pale anapokusudia kupunguza watu, atoe khabari zote zinazohusika, na ashauriane juu ya sababu, njia za kuepusha, namna ya kuchagua, wakati, na malipo. Kiinua mgongo ni ujira wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, usiozidi miaka 10. Kenya, kwa sheria yao ya 2007, ni siku 15 au zaidi kwa kila mwaka. Mtu aliyetumikia miaka 8 atapata siku 56 Bara, na siku 120 Kenya. Lakini Zanzibar ina Sheria yake ya Kazi, Namba 11 ya 2005. Programu iliyotengenezwa ng'ambo, yenye neno moja tu "Tanzania" katika orodha yake, itampima mfanya kazi wa Unguja au Pemba kwa pishi ya Bara, na karatasi itatoka safi, yenye muhuri na tarakimu, wala hapana atakayeshuku. Mizani ikiwa na kasoro, kila aliyepimiwa amedhulumiwa, na mwenye duka hawezi kujitetea kwa kusema kuwa mizani ndiyo iliyosema.

Kwa hivyo natoa rai mambo manne, tuyadai popote mtambo huu utakapoletwa. La kwanza, kila barua ya kupunguzwa iwe na jina la mtu atakayejibu, siyo jina la idara. La pili, mfanya kazi na chama chake waonyeshwe sheria gani imetiwa ndani ya programu na kwa kipimo gani majina yalichaguliwa. La tatu, tarehe zikisha andikwa zisifutike, na nakala akae nayo mfanya kazi, kwani daftari lililo mkononi mwa upande mmoja si ushahidi kamili. La nne, siku zianze kuhisabiwa tangu nia ilipoingia, si baada ya shauri kwisha katwa faraghani.

Na wale wanaotunga sheria, walio madarakani na wanaoyatafuta, wajue kwamba sheria isiyo na adhabu nzito huwa ni bei tu, na mwenye mali huinunua.