Makabidhiano ya Ziwani: Mhadhara wa Umma juu ya Programu za Kuratibu Mwenendo wa Kazi

Jambo nililolichagua kulinena mbele ya hadhara hii ni programu za kompyuta zitumikazo kuuchora mwenendo wa kazi na kuuratibu, si ndani ya idara moja tu, bali baina ya idara na idara, na baina ya dola na dola, nami naitakidi kuwa jambo hili lawahusu watu wa Kigoma kuliko watu wa miji mingi iliyo mikubwa kuliko huu, kwa kuwa hapa ndipo reli inapokoma na maji ya Ziwa Tanganyika yanapoanza, na mzigo ufikao hapa hauna budi kutoka mkononi mwa mmoja na kuingia mkononi mwa mwingine.

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Kigoma mwaka 1914, na haukupita muda mrefu ila Wajerumani wakaleta kwa njia hiyo meli nzima, Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaungwa tena papa hapa na kushushwa majini mwaka 1915. Ndiyo tuiitayo leo Liemba. Kazi ile, pamoja na wingi wa mafundi na vituo vyake, ilitimia kwa kuwa amri ilikuwa moja tangu kiwandani hadi ziwani. Shughuli nyingine za ziwa hili aghalabu hazikupata kuwa na amri moja, wala sioni dalili kuwa zitapata.

Kabla ya reli, mfanyabiashara wa Ujiji alikuwa akipokea bidhaa zilizotoka Unguja kwa mkopo, na tajiri Taria Topan, aliyemkopesha mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, huenda asimwone mdeni wake kwa miaka. Biashara ile siisifu, maadamu pembe za ndovu na wanadamu waliofanywa watumwa walikuwa ndani yake. Ninachokitaja ni kwamba watu waliotengwa na mwendo wa miezi waliunganishwa na hati, dhamana na jina la mtu. Wabelgiji walikuja na njia nyingine. Kwa mapatano yao na Waingereza ya mwaka 1921 walipewa sehemu katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, nazo zikaitwa Belbase, ili shehena za Kongo na Ruanda-Urundi zipite bila kutozwa ushuru. Wao waliondoa shida ya makabidhiano kwa kuzishika ncha zote mbili za njia.

Leo njia hiyo imefungika, na kufungika kwake ni heri. Mzigo uendao Bujumbura, Uvira au Kalemie hupitia kwa Mamlaka ya Bandari, Mamlaka ya Mapato, Shirika la Reli, wakala wa forodha, mwenye meli, kisha forodha ya nchi iupokeayo. Na kila mmoja ana sheria yake na programu yake. Forodha yetu ina TANCIS, iliyoanza kutumika mwaka 2014. Wenzetu wa Burundi na Kongo wanatumia ile iliyotungwa na shirika la Umoja wa Mataifa la UNCTAD, ambayo wao, kwa Kifaransa, huiita Sydonia. Hapana aliye na haki ya kumwamuru mwenziwe aitupe yake.

Elimu ya kulitatua jambo hili, la kuratibu kazi pasipo amri moja, ina asili yake katika tasnifu aliyoitoa Carl Adam Petri huko Darmstadt mwaka 1962. Petri alichora duara kwa kila hali, na kisanduku kwa kila tendo, kisha akaweka nukta ndani ya duara kuonyesha kazi ilipofikia; na fahari ya mchoro wake ni kwamba hauhitaji saa moja inayowatawala wote, bali kila tendo hungoja yale tu linayoyategemea. Katika miaka ya 1990 Mholanzi Wil van der Aalst alibainisha masharti ya mwenendo ulio timamu: kila shauri lililoanza liweze kufika mwisho, likifika, pasibaki kitu nyuma yake, wala pasiwepo tendo ambalo haliwezi kutokea kamwe.

Sharti la pili ndilo ningependa tulikalie. Chukueni shehena ya ngano iliyoshushwa Dar es Salaam, iendayo Kalemie. Kwa kuwa ushuru haukulipwa kwetu, wakala huweka dhamana, isije ngano ikauzwa njiani. Basi hapo nukta moja imekuwa mbili, moja yasafiri na behewa, ya pili imebaki na dhamana. Meli ing'oapo nanga Kigoma, ile ya kwanza imeshika njia ya mwisho wake. Lakini ithibati ya kutoka kwa mzigo isiporudishwa kule dhamana ilikoandikwa, nukta ya pili yakwama, na mali ya wakala yazuiliwa ilhali ngano imekwisha kuliwa. Kosa la namna hii halionekani na karani yeyote akiwa mezani pake, kwa sababu kila mmoja amekwisha kutimiza wajibu wake. Huonekana katika mchoro tu, na programu nzuri huligundua kabla mzigo wa kwanza haujapita.

Kadhalika iko lugha ya michoro iitwayo BPMN, iliyotangazwa mara ya kwanza mwaka 2004, ikasahihishwa sana katika toleo la mwaka 2011, na kufanywa kanuni ya kimataifa mwaka 2013. Ndani yake kila taasisi huchorewa uwanja wake, na mshale wa mfuatano wa kazi hauruhusiwi kuvuka mpaka wa uwanja. Kivukacho ni ujumbe peke yake. Mimi naiona kanuni hii kuwa ni hekima kubwa ya elimu nzima, kwa kuwa inakiri kwamba jirani haamrishwi, huarifiwa. Na yaliyomo ndani ya uwanja wake ni yake, maadamu ujumbe tuliopatana auleta kwa wakati wake na kwa sura yake.

Basi nasikitika nionapo taasisi zikinunua programu kwanza na kuchora baadaye, au kuchora siku zilizo shwari tu, kana kwamba ziwa halichafuki, meli haiharibiki, na mtandao haukatiki. Yule karani wa bandarini, ambaye mambo yakikwama humpigia simu mwenziwe wa ng'ambo, naye akajibiwa kwa Kiswahili, anayajua makabidhiano hayo kuliko mshauri yeyote, na elimu yake haimo katika mchoro wowote.

Kwa hiyo nauomba Wakala wa Ukanda wa Kati, ulioundwa kwa mkataba wa mwaka 2006 baina ya Tanzania, Burundi, Rwanda, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uwakutanishe makarani wa Kigoma, Bujumbura, Uvira na Kalemie, wauchore mwenendo wa mzigo kwa Kiswahili, pamoja na siku za dhoruba na za mtandao kukatika, kabla senti moja zaidi haijatolewa kununua programu mpya. Nanyi wanafunzi, pelekeni kalamu na karatasi zenu bandarini, mkawaulize.