Gazi karboniki iko ndani ya sufuria yetu: neno kwa vijana wa Butembo na Beni



Wengine wanatuuliza: watu wanachinjwa Beni, ninyi mnakuja kutusemea hewa? Juu ya mauaji tumeandamana na tutaandamana tena. Lakini hii nayo inagusa watoto wetu.

Tuanze na sufuria. Mbele ya viwanda vya Ulaya, kila sehemu milioni moja za hewa zilikuwa na kama 280 za gazi karboniki. Leo zimepita 420. Wasomi walipanda ngano, mchele, soya na njegere katika hewa yenye gazi hiyo kwa wingi zaidi, kama ile inayotungojea karne hii. Matokeo yalitoka 2014: mbegu zinakomaa, lakini chuma na zinki vinapungua. Hapa kwetu nyama ni ya sikukuu. Chuma ya mtoto wa Vulamba inatoka kwa maharagi na sombe, na maharagi ni jamaa ya soya.

Halafu makala. Butembo iko juu ya mita 1,700, baridi tunaijua. Usiku watu wanaingiza mbabula ndani na kufunga mlango. Kinachoua pale ni ndugu wa gazi karboniki, monoksidi ya karboni: haina rangi, haina harufu. Mbabula ilale nje, hata kama inaonekana imezimika!

Hatuji kumfukuza mama muuza makala. Anauza juu umeme haufiki kwa wateja wake. Na miti inayokatwa njo ilikuwa inameza gazi hiyo.

Umeme unawezekana: Mutwanga na Luviro, maji ya mito yanazungusha mitambo. Tusichelewe. Barafu ya Ruwenzori, mlima tunaouona toka Beni, ilifunika kama kilomita mraba 7 mwaka 1906. Leo haifiki moja.

Mwezi wa saba 2022 Kinshasa iliweka bloku za mafuta kwenye mnada, zingine zikigusa Virunga, parki ya tangu 1925. Oktoba 2024 mnada ulifutwa. Kufuta mnada siyo kufuta bloku. Wavuvi wa Kyavinyonge wanaishi kwa ziwa lile lile.

Tunadai bloku zinazogusa Virunga zitoke kwenye ramani, kwa maandishi. Tunadai umeme wa mito yetu ufike kartiye zote, kwa bei ambayo muuza sombe anaweza kulipa. Barua kwa mameya wa miji yote miwili iko hapa mezani. Anayetaka kutia sahihi, apite mbele kabla hatujaachana.