Petroli Haiokolewi kwa Kutoa Gia Mteremkoni
Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA hutangaza bei mpya ya mafuta. Bei hiyo dereva hawezi kuipunguza, ila matumizi anaweza.

Aanze na magurudumu. Tairi lenye upepo mchache huifanya injini inywe zaidi. Kipimo sahihi kimeandikwa mlangoni kwa dereva. Upepo upimwe asubuhi, tairi zikiwa baridi. Keria tupu ishushwe, na mizigo ya bure itoke kwenye buti.

Mteremkoni, asitoe gia. Gari la kisasa likiwa kwenye gia, mguu ukiondolewa kwenye mafuta, injini hukatiwa petroli. Likitolewa gia, injini huendelea kunywa, nazo breki hubaki peke yake na kupata moto. Petroli hununuliwa tena, uhai haununuliwi.